Kizibao cha Jemadari

Mawingu yalianza kujikusanya baada ya chakula cha mchana, na Fundi Mdogo akajikuta anautazama mlango kuliko anavyoutazama mshono.

"Macho kwenye sindano," mama yake alimwambia, bila kuinua kichwa kutoka kwenye kitambaa alichokuwa anakata.

"Natazama mvua, mama."

"Mvua inatoka juu, mwanangu. Wewe unatazama usawa wa uso wa mtu mrefu."

Fundi Mdogo aliinama upesi, masikio yakimwaka moto. Chumba chao cha kushonea kilikuwa kidogo: meza ndefu ya kukatia katikati, cherehani mbili za miguu chini ya dirisha, na kamba iliyojaa nguo zinazosubiri wenyewe. Mama alikata, binti alishona. Wateja waliwaita Fundi Mkubwa na Fundi Mdogo, na walikuwa na msemo wao: ukiwa na siri mpe Fundi Mdogo, ukitaka jibu muulize mama yake. Binti alikuwa amekwenda chuoni kusomea ushonaji akarudi na ujuzi mpya mikononi, lakini sauti aliyoondoka nayo ndiyo aliyorudi nayo, nyembamba kama uzi wa kudarizia.

Mtu mrefu mwenyewe alifika kabla ngurumo ya kwanza haijasikika. Aliinamisha kichwa kupita mlangoni, kama kawaida yake. Alikuwa fundi wa minara ya simu, mpanda vyuma ambavyo wengine wakivitazama tu hushikwa na kizunguzungu, na kwa urefu wake na kazi yake mtaa mzima ulimwita Mnara. Mkono mmoja ulishika kamba. Mwisho wa kamba alikuwepo Jemadari, mbwa wa rangi ya kahawia, kifua kama mlango wa ghala, moyo kama wa kifaranga. Mkono wa pili ulishika kitambaa cha buluu kilichochanika.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Pangusa miguu. Yote sita."

Mnara alipangusa miwili yake, kisha akachuchumaa akapangusa na minne ya Jemadari, mmoja baada ya mwingine, na Fundi Mdogo akauma midomo asicheke. Mwanamume huyu alianza kuja kwao kwa ajili ya koti la kazi. Baadaye vikaanza kudondoka vifungo. Vifungo vya Mnara vilidondoka kuliko vya mtu yeyote mtaani, na kila kimoja kilimlazimu akae kwenye kiti kilicho karibu na cherehani mpaka kirudi mahali pake. Hakuna aliyekuwa ametamka neno mapenzi. Lakini juzijuzi, alipoeleza jinsi Jemadari anavyorukwa na akili radi zikipiga, na kwamba amesikia mbwa akivikwa nguo hutulia kama mtoto mchanga aliyeviringishwa shuka, Fundi Mdogo alikesha akimshonea kizibao. Alikitilia bitana. Alikitilia hata kola.

Sasa kizibao hicho cha buluu kilikuwa mezani, ubavu mmoja umechanika.

"Jana radi ilipopiga alirukia nje kupitia dirishani," Mnara alisema. "Kioo chote kikaondoka naye. Kizibao kikanasa kwenye seng'enge. Nilimkuta ananing'inia kama shuka lililoanikwa."

"Ameumia?" Fundi Mdogo aliuliza.

"Hakuumia. Ila dada yangu, ninayekaa kwake, amesema imetosha, na simlaumu. Ana mtoto mchanga. Vipande vya kioo vilifika mpaka kwenye kitanda cha mtoto." Alimkuna Jemadari nyuma ya sikio. "Kuna bwana wa machimbo ya mawe anatafuta mbwa wa ulinzi. Jioni hii atakuja kumchukua."

"Machimbo?" Fundi Mkubwa aliweka mkasi chini. "Kule wanakopasua miamba kwa baruti?"

"Kule kule."

"Mbwa anayekimbia radi, mnampeleka kwenye baruti. Huko si kumhamisha, huko ni kumwua kwa kelele."

"Ndiyo maana nimekuja, mama. Dada hamtaki tena, na mimi…" Alisita. "Mimi ofisi inanihamisha. Minara mipya inajengwa mbali. Miaka miwili, pengine mitatu. Kule tutalala kambini, mbwa hawaruhusiwi. Wanataka jibu langu leo kabla ofisi haijafungwa."

Alikuwa anamwambia mama, lakini macho yake yalikuwa yamekwisha kuhama. Fundi Mdogo aliyahisi yakimtua usoni. Alikuwa na maneno mengi. Yalimjaa kifuani, yakasukumana, yakakwama mlangoni kama watu wanaotoka wote kwa pamoja.

"Utasemaje?" Mnara alimwuliza polepole. "Niwajibu nini?"

"Fanya unavyoona vyema," alisema Fundi Mdogo.

Mnara aliitikia kwa kichwa mara moja, kama mtu aliyebisha hodi kwenye nyumba yenye taa na hakufunguliwa. Kisha akasema anatoka kidogo kuangalia anga, akamwacha Jemadari chini ya meza.

Mama alisubiri mpaka kivuli cha mtu mrefu kikatoka mlangoni.

"Umefanya vizuri," alisema. "Mwache aende."

"Nimefanya nini, mama? Sijafanya kitu."

"Ndiyo maana nasema vizuri. Nisikilize. Baba yako alikuwa mtu mwema, hakuwahi kuninyanyulia mkono wala sauti. Lakini kazi yake ilikuwa huko, na sisi tulikuwa hapa. Akija, tulimtandikia shuka jipya. Tulikuwa tunamuuliza kama chai ina sukari ya kutosha! Mume wangu mwenyewe! Alikuwa mgeni wetu mpendwa, mpaka alipofariki." Alivuta kitambaa, akakinyoosha pasipokuwa na mkunjo. "Watu wakanipamba na maneno, subira huvuta heri. Mimi ilinivutia mvi. Sitaki umsubiri mtu, mwanangu. Siyo kwamba namchukia kijana wa watu. Anapangusa mpaka miguu ya mbwa. Lakini sitaki."

Fundi Mdogo aliyakumbuka yale mashuka. Alichukua kizibao akakigeuza ndani nje, maana mikono yake haikujua kuhuzunika bila kazi.

Akapitisha vidole kwenye mshono wa ubavuni. Akapitisha kwenye kwapa. Akarudia. Kisha akachuchumaa chini ya meza, akamvika Jemadari kile kilichobaki cha kizibao, na mkono wake mzima, ngumi na yote, ukaingia kati ya nguo na kifua cha mbwa, ukazunguka humo bila kugusa kitu.

"Mama," aliita. "Mama, njoo uone nilichofanya."

Fundi Mkubwa aliinama, magoti yakilalamika. Alitazama. Alitia mkono wake mwenyewe.

"Umemshonea kama mzee anayekwenda harusini," alisema.

"Nilimwachia nafasi."

"Naona. Humu angeingia na mbwa mwenzake."

Kosa lilikuwa hilo. Tangu anajifunza kushika mkasi aliambiwa nguo isiyo na nafasi ni kamba: mwachie mtu apumue, ainame, ashibe. Chuoni wakamwambia hivyo hivyo kwa maneno marefu zaidi. Na yeye, kwa huruma yake, alizidisha. Alimpima Jemadari akiwa amevuta pumzi, akaongeza, kisha usiku akamfikiria anavyohema, akaongeza tena. Mbwa aliyetaka kushikwa alipewa uwanja wa kukimbilia.

Mnara alirudi ndani. "Upepo umegeuka," alisema. Mtu wa minara lazima alisome anga. Ndilo linalomwambia ashuke lini. "Chai ikimiminwa sasa hivi, mvua itatukuta hatujaimaliza."

Fundi Mkubwa alijishika kiuno. Alimtazama mbwa, akamtazama binti yake, akamtazama mgeni.

"Basi tusikilizane," alisema. "Mvua hii ikipita na huyo jemadari wenu hajavunja mlango wangu wala hajakanyaga nguo ya mteja, mwambie bwana wa machimbo arudi na kamba yake. Mbwa atakaa hapa, atalinda vitambaa. Akivunja, aende. Hilo ni la mbwa tu. Sijasema la mtu."

"Nimekuelewa, mama," Mnara alisema.

Ngurumo ya kwanza ikapita mbali, kama mtu anayeburuta kabati kwenye nyumba ya jirani. Jemadari akasimama, mkia umezama katikati ya miguu.

Fundi Mdogo alifanya kazi haraka. Alifunga dirisha, akalining'inizia kipande cha bitana nyeusi ili mwanga wa radi usiingie. Akasogeza mafurushi ya nguo yakawa ukuta pande mbili za meza, akaacha upande mmoja wazi, mbwa ajione amejificha, asijione amefungwa. Akatandika mabaki ya blanketi. Kisha akavua viatu, akaingia chini ya meza na sindano, na Mnara akajikunja akamfuata, magoti mpaka masikioni.

"Nitafumua ubavu wote nimpunguzie akiwa amekivaa," Fundi Mdogo alisema. "Mshike."

"Jemadari, usiogope, mzee wangu, usiogope, usiogope, hakuna kitu, usiogope…" Mnara alianza, mkono ukimpapasa mbwa mbiombio kichwani, mgongoni, kichwani. Jemadari akaanza kutetemeka zaidi.

"Nyamaza," alisema Fundi Mdogo.

Juu ya meza, sauti ya mkasi wa mama ilikatika ghafla.

Fundi Mdogo mwenyewe alishtuka. "Samahani. Nilitaka kusema… ukiongea mbio namna hiyo, maneno hayasikii. Anasikia mbio. Na mkono wako unamwambia kuna hatari. Weka kiganja kifuani kwake. Usimpapase. Shika tu, kwa uzito."

"Hivi?"

"Zaidi. Kama unambeba."

Mnara akashika. Fundi Mdogo akavuta pande mbili za kizibao mpaka zikambana Jemadari kifuani na mbavuni, akapima vidole viwili shingoni ili pumzi ipite, akaacha kwapa huru, akaanza kumpigia bandi, ule mshono wa muda. Ngurumo ya pili ilikuwa karibu zaidi. Mvua ikaangukia bati kama gunia la kokoto lililofunguliwa kwa pupa. Nyuso zao zilikuwa karibu kiasi kwamba pumzi ya mmoja ilisogeza nywele za mwingine, na kati yao kulikuwa na masikio mawili makubwa yaliyolala nyuma kwa woga.

"Kwa nini mara ya kwanza ulikiacha kipana?" Mnara aliuliza, sauti ya chini sasa, ya taratibu.

"Niliona nikimbana nitamwonea. Nilidhani kumwachia nafasi ndiyo heshima."

Mnara alimtazama juu ya masikio ya mbwa.

"Ndivyo unavyonifanyia na mimi?"

Sindano ilisimama.

"Kila nikikuuliza," alisema, bila hasira, jambo lililomuuma zaidi, "unaniambia fanya unavyoona vyema. Niliposema nabadilisha zamu, fanya unavyoona vyema. Niliposema dada ananitafutia mchumba, ukasema hivyo hivyo. Nilirudi nyumbani siku ile nikakaa gizani. Nimepewa nafasi mpaka napotea ndani yake. Mwisho nikajiambia, huyu binti hanitaki, ila ni mpole mno kuniambia."

"Ulikuwa unakata vifungo mwenyewe," Fundi Mdogo alinong'ona. "Nilikuwa naona uzi umekatwa na kisu. Nilikuwa nafurahi."

"Ungesema."

Alifungua kinywa. Hapo radi ikapiga, si mbali tena. Ikapasua juu ya paa lenyewe, taa ikazima, meza ikatetemeka, na Jemadari akawaponyoka wote wawili. Alipita kwenye upande ulioachwa wazi, akafika mlangoni, akaanza kuzikwangua mbao zake kwa kucha zote.

"Jemadari!" Mnara alijigonga kichwa kwenye meza akitaka kutoka.

"Usimkimbilie," alisema Fundi Mdogo.

"Atavunja!"

"Ukimkimbilia atajua kweli kuna la kukimbia."

Alitoka chini ya meza kwa upole ambao ulimgharimu kila mshipa. Alipita karibu na mbwa bila kumtazama. Akakaa kwenye cherehani yake, akatoa uzi kwenye sindano, akaweka miguu peku kwenye kanyagio, akaanza kuliendesha tupu. Taka-taka-taka-taka. Hakuharakisha. Hivyo ndivyo alivyozoea kujitulizia mwenyewe, ingawa hakuna aliyejua. Wateja walidhani ni bidii.

Radi nyingine. Jemadari alijibana mlangoni, akalia kwa sauti nyembamba iliyomfanya Mnara afumbe macho. Taka-taka-taka-taka. Mbao zilikuwa zimeanza kutoa vibanzi. Mama alisimama wima nyuma ya meza, mkono kifuani.

Kisha kucha zikapungua. Jemadari aligeuza sikio moja, halafu kichwa. Alitembea kwa tumbo, akijiburuta kama askari kweli, akapita kwenye kiti cha mama, akafika kwenye cherehani. Akaweka kidevu juu ya mguu wa Fundi Mdogo, karibu kabisa na kanyagio, na kichwa chake kikaanza kupanda na kushuka nalo. Alikuwa anatetemeka bado. Kizibao, kimeshikwa na bandi upande mmoja, kilimkumbatia.

"Amenikojolea kandambili," mama alisema gizani.

"Nitaiosha, mama."

"Utaiosha. Kwani niioshe mimi?"

Mnara alicheka, kicheko kikamkatikia njiani. Alikuja akaketi sakafuni kando ya mbwa, akaweka kiganja kifuani mwake kwa uzito, kama alivyofundishwa. Fundi Mdogo aliendelea kukanyaga. Aligundua kwamba miguu ikiwa na kazi, kinywa kilikuwa na nafasi kidogo ya kupumua.

"Sitaki uende," alisema.

Alisema akitazama sindano. Kanyagio halikusimama.

"Rudia," Mnara alisema.

"Umesikia."

"Nimesikia. Rudia tu."

"Sitaki uende. Sitaki kambi, sitaki miaka mitatu, sitaki mchumba wa dada yako. Nimechoka kushona vifungo. Nataka uje bila kifungo."

Mama ndiye aliyekuwa wa kwanza kusema, na hakusema na binti yake.

"Na ukibaki, watakupa kazi gani?"

"Watanishusha karakana, mama. Betri, jenereta, nyaya. Juu sitapanda tena."

"Unapapenda huko juu."

"Napapenda sana," Mnara alikiri. "Unaona mbali. Lakini jioni ukitazama chini, unaona kila mtu ana mlango anaoelekea. Mimi nilikuwa nashuka taratibu kuliko wenzangu. Sikuwa na haraka ya kwenda popote."

"Usije ukanichukia baadaye," Fundi Mdogo alisema. "Siku ukiutazama mnara."

Mnara hakukimbilia kukataa, na kwa hilo Fundi Mdogo alimpenda zaidi. "Siku hizo nitanuna," alisema. "Sitakudanganya. Ukiniona nimenuna, niambie kama leo: nyamaza. Halafu nishike."

"Ninyi wawili mnapanga kana kwamba mimi ni meza," mama alisema. "Nilishasema sitaki mwanangu amsubiri mtu."

"Mama," alisema Fundi Mdogo, na sasa kanyagio lilisimama. Jemadari aliinua macho, akaona miguu bado ipo, akayashusha. "Mimi ndiye ninayekataa kusubiri. Mashuka mapya nayakumbuka. Ndiyo maana nimesema leo, mbele yako, kabla hajaondoka. Ungekuwa umemwambia baba hivyo…"

Alijikatiza mwenyewe, akaogopa amevuka mpaka. Mama aligeukia dirisha lililofunikwa, akalishika lile pindo la bitana nyeusi, akakaa nalo vidoleni.

"Sikuwahi kumwambia abaki," alisema hatimaye. "Niliona mwenye adabu hamfungi mume. Nikawa namfungia chakula cha njiani." Alipangusa pua kwa ncha ya kidole. "Pengine angekataa. Lakini sikumwambia."

Ngurumo zilizidi kwenda mbali, zikawa za mtaa mwingine, kisha za mji mwingine. Mvua ikapungua mpaka ikawa matone yanayohesabika kwenye bati. Mlango ulikuwa na mikwaruzo mirefu, lakini ulikuwa umesimama. Nguo za wateja zilining'inia salama. Jemadari alipiga miayo, akalamba sakafu, akalala ubavu na kizibao chake nusu bandi.

Mama alikwenda akaukagua mlango kwa kiganja, juu hadi chini. "Mikwaruzo si kuvunja," aliamua. "Abaki."

Mnara alitoa simu mfukoni. Alisimama, akawa mrefu tena, kichwa karibu na kamba ya nguo. "Niende nje nikaongee na bosi," alisema. "Ofisi inakaribia kufungwa."

Alikuwa amekwisha kugeuka. Fundi Mdogo alimwona mgongo, na ule mlango, na barabara yenye maji ng'ambo yake, na akajua namna sauti za mabosi zilivyo, jinsi zinavyoweza kumgeuza mtu aliye peke yake mvuani. Aliinuka. Alinyoosha mkono akaushika mkono wa shati lake, akaukunja kwenye ngumi.

"Piga ukiwa hapa," alisema.

Mnara aliutazama ule mkono. Akapiga akiwa hapo. Sauti ya bosi ilisikika mpaka kwenye cherehani, nzito, yenye haraka: basi gari limpitie saa ngapi?

"Lisinipitie, bosi. Sitakwenda."

Kwani kuna nini, bosi aliuliza, mgonjwa? Msiba? Ana kesi?

"Hapana, bosi. Nimeshikwa."

Bosi alisema mengi, kuhusu karakana, kuhusu vijana wasiojua bahati. Mnara alisikiliza yote, akajibu ndiyo, akajibu nimeelewa, na muda wote huo Fundi Mdogo hakulegeza vidole. Simu ilipokatika, walibaki wamesimama vile vile, hakuna aliyejua afanye nini baada ya hapo, maana hakuna hata mmoja wao aliyewahi kufika mahali hapo.

Mama yake alikuwa ameinama juu ya meza, chaki mkononi, anachora mstari kwenye kitambaa kilichokwisha kuchorwa.

"Mwachie hilo shati, linakunjamana," alisema, bila kuinua kichwa. "Mshike mkono."